Seti za kurushia besi bila waya: zinafaa wapi kwenye risiva ya homu thieta, na zinakwama wapi

Kabla hujatoa hela, geuza sabufa utazame mgongo wake. Ukikuta tundu la RCA (la duara, kama la deki) lililoandikwa LFE (yaani chaneli ya besi ya filamu), LINE IN au SUB IN, sabufa hiyo itaungana na risiva yoyote yenye tundu la SUB OUT au SUBWOOFER PRE OUT, kwa waya au bila waya. Ukikuta waya wa umeme tu, kitaa kimoja na kitufe kilichoandikwa PAIRING, ID SET, LINK au CONNECT, hiyo ni sabufa ya saundibaa. Imefungwa na saundibaa yake tangu kiwandani, na ukiacha risiva chache zilizotengenezwa kujuana na sabufa za aina hii, hakuna menyu ya risiva itakayoiona. Wengi wanaonunua sabufa hizi zikiwa peke yake, kwa sababu boksi limeandikwa "wireless" na bei ni nzuri, wanarudi nazo dukani wiki hiyohiyo.

Tuelewane pia kuhusu neno lenyewe. Tanzania mtu akisema sabufa mara nyingi anamaanisha seti nzima: boksi la besi lenye amplifaya, pamoja na spika ndogo mbili hadi tano zinazoning'inia kwake. Kenya wengi huiita wufa. Hapa sabufa ni boksi la besi peke yake, lenye amplifaya yake ndani na plagi yake ya umeme. Zile seti nzima tutazirudia mwishoni, maana nazo zina nafasi yake.

Kinachotathminiwa hapa ni vile visanduku viwili vinavyoifanya sabufa ya kawaida iwe ya bila waya. Kimoja ni kirushaji, kinakaa nyuma ya risiva na kuchukua sauti kutoka SUB OUT. Cha pili ni kipokeaji, kinakaa nyuma ya sabufa na kuitoa sauti hiyo kwenye tundu la LFE. Katikati yake ni mawimbi ya redio. Ieleweke kwamba kinachoondoka ni waya wa sauti tu. Sabufa bado inataka plagi ukutani, kipokeaji kinataka umeme wa volti 5 kama simu, na kirushaji vilevile. Ikiwa sababu yako ya kutaka bila waya ni kwamba kona unayoitaka haina soketi, seti hizi hazitakusaidia.

Kwa walio na sabufa nzuri tayari, hii ndiyo njia ninayoipa alama ya juu kuliko zote. Haikufungi na kampuni moja, na siku ukibadilisha risiva inahamia kwenye mpya bila shida. SVS SoundPath Tri-Band ni mfano mzuri wa daraja la juu: inatumia masafa matatu, 2.4, 5.2 na 5.8 GHz, kwa hiyo ina pa kukimbilia jirani zako wote wakiwa wamejaa kwenye 2.4. Bei yake Marekani inazidi dola 100, na usafirishaji haumo humo. Klipsch wana WA-2 ya 2.4 GHz, lakini kipokeaji chake huchomekwa kwenye tundu maalumu la WA lililo nyuma ya baadhi ya sabufa za Klipsch. Usiinunue kama sabufa yako haina tundu hilo, hata kama ni ya Klipsch. Chini ya hapo kuna seti nyingi zisizo na jina, za 2.4 au 5.8 GHz, kwa nusu ya bei au chini yake. Nyingine zinafanya kazi vizuri kabisa. Zinapoharibu, zinaharibu kwa namna tatu zinazojirudia, nazo ndizo zitakazochukua sehemu kubwa ya maelezo haya: kuchelewa, kiwango cha sauti, na kelele za umeme.

Kuunganisha

Anza na waya. Chukua waya wowote wa RCA, hata ule uliokuja na deki, uchomeke kutoka SUB OUT ya risiva hadi LFE ya sabufa, halafu ucheze filamu. Kama besi haitoki hapo, tatizo liko kwenye risiva au sabufa, na seti ya bila waya haitalitatua. Mara nyingi ni menyu: ingia kwenye mpangilio wa spika, hakikisha Subwoofer iko Yes au Use, na spika za mbele ziko Small badala ya Large, na mpaka wa masafa (Crossover), ambao chini yake sauti huenda kwenye sabufa, uko 80 Hz. Spika za mbele zikiwa Large, risiva nyingi huzipelekea besi yote ya muziki na kuiachia sabufa ile chaneli ya LFE ya filamu tu. Ukisikiliza taarabu au bongofleva sabufa inakaa kimya, na mtu anadhani imekufa.

Ukiisikia besi kwa waya, toa waya, weka kirushaji upande wa risiva na kipokeaji upande wa sabufa. Seti nyingi zina matundu mawili, la kushoto na la kulia. Sabufa yenye tundu moja la LFE inahitaji upande mmoja tu: chomeka kushoto kwenye kirushaji, na kushoto kwenye kipokeaji. Ukichanganya pande utapata kimya kitupu bila ishara yoyote ya kosa, na hili hutokea sana kwenye seti zinazotumia waya wa 3.5 mm wenye ncha mbili za RCA, nyekundu na nyeupe. Kama sabufa yako haina LFE bali ina L na R, tumia kigawanyio cha Y kwenye SUB OUT ili uzilishe pande zote mbili za kirushaji. Sabufa nyingi hujumlisha L na R, hivyo besi itapanda, na hiyo ni ya kawaida.

Washa kipokeaji na kirushaji, usubiri kitaa kiache kupepesa. Zisipojuana zenyewe, bonyeza kitufe cha kuunganisha kwenye kirushaji kwanza, kisha kwenye kipokeaji, zikiwa karibu ndani ya meta moja au mbili. Baada ya hapo peleka kipokeaji kwenye sabufa.

Kwenye mgongo wa sabufa yenyewe: kitufe cha kuzungusha cha masafa kisukume hadi mwisho, au kiweke LFE kama kuna sehemu hiyo. Risiva imeshakata sauti kwenye 80 Hz. Ukiikata tena pale nyuma kwa 80, unakuwa na vichujio viwili vilivyopandana, na sehemu ya juu ya besi, ile yenye ngumi ya ngoma, inapotea. Swichi ya fezi (PHASE), inayosogeza wimbi la besi mbele au nyuma, iache 0. Kitufe cha sauti kiweke katikati. AUTO/ON kiweke ON kwa siku za mwanzo; AUTO huilaza sabufa ishara ikikosekana na kuiamsha ikirudi.

Kuchelewa, ndipo penye kazi

Kila seti ya bila waya huchelewesha sauti. Kirushaji kinageuza sauti kuwa data, kinairusha, na kipokeaji kinaigeuza tena kuwa sauti. Seti zilizotengenezwa kwa ajili ya kazi hii huchukua kama milisekunde 20 hivi, nyingine chini ya hapo. Inaonekana kidogo. Lakini sauti husafiri karibu sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo milisekunde 20 ni sawa na kuisogeza sabufa nyuma kwa karibu meta 7. Sabufa iliyo meta 3 kutoka kwenye kochi inasikika kama iko meta 10, nje ya nyumba.

Watu hujaribu kulirekebisha hili kwa kitufe cha fezi, na hapo hakuna dawa. Wimbi la 80 Hz huchukua milisekunde 12.5 kukamilisha mzunguko mmoja. Kitufe cha fezi cha 0 hadi 180 kinaweza kulisogeza kwa nusu mzunguko, yaani milisekunde 6.25 tu. Huwezi kufidia 20 kwa 6. Ukikizungusha ukasikia besi imeongezeka, umeyalinganisha mawimbi ya noti moja, na noti nyingine zimeharibika.

Dawa iko kwenye menyu ya umbali ndani ya risiva. Risiva ikiambiwa sabufa iko mbali, huzichelewesha spika nyingine zote ziisubiri. Kwa hiyo umbali wa sabufa ndio unaouongeza: umbali halisi kwa futi kamba, ukijumlisha sentimita 34 kwa kila milisekunde ya kuchelewa. Sabufa ya meta 3 na seti ya milisekunde 20 ni karibu meta 9.9. Ukitumia maikrofoni ya kupimia iliyokuja na risiva, iwe Audyssey ya Denon na Marantz, YPAO ya Yamaha, MCACC ya Pioneer au DCAC ya Sony, kipimo kitaleta chenyewe namba kubwa namna hiyo. Usiishushe! Hili ndilo kosa linaloharibu mifumo mingi iliyokuwa imepangwa sawasawa. Mtu anaona menyu imeandika meta 9.6 wakati sabufa iko pale jirani na runinga, anaona mashine imekosea, anaandika 3. Mashine haikukosea, ilipima muda na kuuandika kwa meta.

Ikiwa seti yako haikuandikwa inachelewesha kiasi gani, pima mwenyewe. Endesha kipimo cha maikrofoni sabufa ikiwa kwa waya, andika umbali uliotoka. Endesha tena ikiwa bila waya, bila kusogeza kitu. Toa ya kwanza kwenye ya pili, ugawe kwa 0.34. Ikiwa kwa waya ni meta 3.4 na bila waya ni 9.6, tofauti ni 6.2, na seti yako inachelewa kama milisekunde 18. Usishangae kama hata kwa waya namba inazidi futi kamba kidogo, maana vichujio vilivyomo ndani ya sabufa navyo huchelewesha.

Risiva isiyo na maikrofoni hupangwa kwa sikio. Cheza mlio wa 80 Hz kutoka kwenye simu, spika za mbele na sabufa zikiwa zinafanya kazi pamoja, ukae kwenye kiti chako. Badilisha umbali wa sabufa kidogokidogo, kama sentimita 30 kila hatua, hadi mlio uwe mkubwa kuliko sehemu zote. Angalizo moja: wimbi la 80 Hz lina urefu wa karibu meta 4.3, kwa hiyo utapata kilele kila baada ya umbali huo. Meta 5.6 itasikika sawa na 9.9 kwa mlio ule mmoja, ila kwenye muziki itakuwa nyuma mzunguko mzima. Ndiyo maana hesabu hutangulia, na sikio linakuja kusahihisha tu.

Sasa kikomo. Risiva za Denon hukubali umbali hadi meta 18, za Yamaha hadi 24, na hapo unaona nafasi ipo tele. Lakini risiva nyingi za Denon na Marantz zina sharti jingine lililofichika kwenye kitabu: tofauti kati ya spika ya karibu kabisa na ya mbali kabisa isizidi meta 6. Spika za nyuma zikiwa meta 1.5 na sabufa ikidai 9.9, umeshavuka. Kuzipunguzia spika zote umbali kwa kiasi kilekile hakusaidii hapo, kwa sababu kinachohesabiwa ni tofauti. Kinachosaidia ni mawili: kutafuta seti yenye muda mfupi zaidi wa kuchelewa, au kuisogeza sabufa karibu na kochi. Hili la pili ni zuri kuliko linavyosikika. Sabufa iliyo nyuma ya kochi kwa meta 1 inaokoa meta 2 za hesabu, inahitaji nguvu ndogo kutetemesha kiti, na ndiyo sehemu ambayo waya ungepita katikati ya sebule watu wajikwae. Kama kuna mahali seti ya bila waya inastahili bei yake, ni pale.

Kiwango cha sauti

SUB OUT ya risiva inaweza kutoa volti nyingi kuliko kirushaji cha bei nafuu kinavyoweza kumeza. Chaneli ya LFE hupewa desibeli 10 za ziada, na besi ya spika nyingine zote inarundikwa humohumo, kwa hiyo mlipuko wa filamu unafika kwenye kirushaji ukiwa mkubwa sana. Kikishindwa, unasikia besi inapasuka kama spika imechanika, na wapo waliobadilisha spika nzima wakati kosa lilikuwa kisanduku cha plastiki. Jaribu hivi: shusha kiwango cha sabufa kwenye menyu ya risiva hadi kati ya −6 na −3, kisha pandisha kitufe cha sauti cha nyuma ya sabufa kufidia. Mpasuko ukiondoka, kirushaji ndicho kilichokuwa kinazidiwa.

Usipitilize upande wa pili. Ukishusha hadi −12, ishara inakuwa ndogo, mchakacho wa kipokeaji unasikika sabufa ikiwa kimya, na AUTO ya sabufa haiamki filamu ikianza kwa maongezi. Maikrofoni ikileta −12 baada ya kipimo, ina maana kitufe cha sabufa kiko juu mno. Kirudishe chini kidogo, upime upya.

AUTO ina kisa chake na seti hizi. Baadhi ya vipokeaji hutoa mchakacho mdogo muda wote, ukatosha kuifanya sabufa isilale kamwe. Vingine hukata kabisa ishara ikiwa ndogo, na sabufa inalala katikati ya tamthilia. Iache ON, na umeme uzime kwenye swichi ya ukutani unapokwenda kulala.

Angalia pia masafa yaliyoandikwa kwenye boksi. Seti inayoanza 20 Hz inatosha. Inayoanza 40 au 50 Hz ni ya maikrofoni au spika za kawaida, si ya sabufa, na itakula sehemu ileile uliyonunulia sabufa.

Kelele, kuta na umeme

Ikiwa sabufa yako kwa waya ilikuwa na mvumo wa "mmmm" usiokoma, kuna habari njema: mara nyingi mvumo huo hutokana na risiva na sabufa kuwa kwenye soketi mbili tofauti huku waya wa RCA ukiunganisha ethi zake. Ukitoa waya, mzunguko huo unakatika na mvumo unakwisha. Lakini ukivilisha visanduku kwa chaja feki ya simu, unaweza kuurudisha mlangoni, kwa sababu umeme wetu ni wa 50 Hz na 50 Hz iko katikati kabisa ya eneo la sabufa. Tumia chaja halisi ya volti 5 na ampea 1. Kirushaji unaweza kukichomeka kwenye USB ya risiva au runinga ili kiwake na kuzima pamoja nayo, mradi hiyo USB haikati umeme wakati unatazama.

Sauti inayokatika kwa sekunde moja na kurudi ni mgongano wa mawimbi. Kwenye 2.4 GHz kuna Wi-Fi, Bluetooth na maikrowevu, vyote pamoja. Weka kirushaji walau meta moja kutoka kwenye ruta, kisilale nyuma ya runinga wala chini ya risiva kwenye kabati la chuma, na ruta yako ihamishie vifaa vinavyoweza kwenye 5 GHz. Seti ya 5.8 GHz ina utulivu zaidi mjini ila inachoka haraka kwenye ukuta. Ndani ya chumba kimoja haina tatizo. Kupitia ukuta wa tofali za saruji usiitegemee, na kupitia kuta nene za mawe za nyumba za Mji Mkongwe au Lamu usijaribu hata kidogo. Namba ya meta iliyoandikwa kwenye boksi ni ya uwanja mtupu.

Umeme ukikatika na kurudi, seti nzuri inaungana yenyewe. Hili lijaribu dukani: iwashe, chomoa zote mbili, rudisha umeme, usubiri. Ikidai kubonyezwa kitufe, fikiria utakavyokuwa unainama nyuma ya kochi kila umeme unaporudi.

Na kwa sabufa zilizotoka Marekani, ziwe mpya au za mtumba: huko umeme ni volti 120, hapa Tanzania 230 na Kenya 240. Baadhi zina swichi ndogo ya 115/230 nyuma. Isogeze kabla ya kuchomeka, na usome kibandiko cha fyuzi maana thamani yake hubadilika. Isiyo na swichi, na iliyoandikwa 120V peke yake, inahitaji transfoma yenye uwezo wa kutosha. Ukiichomeka moja kwa moja unaiunguza siku hiyohiyo.

Kuhusu Bluetooth

Kipokeaji cha Bluetooth cha bei ya chakula cha mchana, kikichomekwa kwenye LFE, kitatoa sauti. Ila Bluetooth ya kawaida huchelewa kati ya milisekunde 150 na 250, yaani zaidi ya meta 50 kwenye menyu ya umbali. Hakuna risiva inayofika huko. Hata ile aina ya aptX Low Latency, ya takriban milisekunde 40, inaongeza karibu meta 14. Kuna tatizo jingine kubwa zaidi: risiva zinazoweza kurusha Bluetooth hurusha sauti ya kawaida ya kushoto na kulia kwa ajili ya hedifoni. Hazirushi kilichomo kwenye SUB OUT.

Wapo wanaotumia seti za gitaa za bila waya, na kwa upande wa kuchelewa wana hoja, kwa kuwa hizo zimetengenezwa kwa mpigaji asisikie pengo. Lakini zimepangwa kupokea ishara ndogo ya gitaa, kwa hiyo zinapasuka haraka, na nyingi zinatumia betri ya kuchajiwa. Filamu ya saa tatu na betri havipatani.

Risiva zenye sabufa zake

Njia safi kuliko zote kwa anayeanza upya ni kununua risiva na sabufa zilizotengenezwa kujuana. Sony STR-AN1000, iliyotoka 2023, huunganika bila waya na SA-SW3 ya wati 200 na SA-SW5 ya wati 300. Unaziwasha, unaingia sehemu ya spika za bila waya kwenye menyu, na zisipounganika zenyewe unatumia kitufe cha LINK nyuma ya sabufa. Kuchelewa kumeshahesabiwa ndani, wewe unaendesha kipimo cha maikrofoni tu. Yamaha wana MusicCast SUB 100, inayopita kwenye mtandao wa nyumbani na kuungana na risiva zao zinazokubali kazi hiyo, kama RX-V6A.

Kasoro yake ni ile ya mwanzo. SA-SW3 na SA-SW5 hazina tundu la RCA, hivyo ukibadilisha risiva unabaki na boksi zuri la kuwekea maua. Tena jina la Sony peke yake halitoshi: STR-DH590, risiva ya Sony inayopatikana kwa wingi, ina matundu mawili ya sabufa ya waya na haizitambui sabufa hizi kabisa. Muuzaji akikwambia "zote Sony, zitashikana", mwombe azishikanishe mbele yako.

WiSA ndiyo teknolojia iliyolimaliza tatizo la kuchelewa, kwa milisekunde 5.2 tu, chini ya meta 2 kwenye hesabu. Ila kuipata ndani ya risiva ya kawaida ni kazi, kwa hiyo kwa sasa si jibu la msomaji mwenye risiva tayari.

Homu thieta za boksi, na zile seti za sabufa

Homu thieta za DVD zilizokuja na spika zote kwenye boksi moja hazina SUB OUT. Sabufa yake haina amplifaya, inalishwa kwa waya wa spika, mara nyingi kwa omu 3. Ukitaka kuirushia sabufa nyingine unahitaji kibadilishaji cha kushusha ishara ya spika hadi kiwango cha RCA, kama kile mafundi wa redio za magari wanachotumia. Chagua chenye transfoma ndani. Amplifaya nyingi za mashine hizo zinaendesha pande zote mbili za waya, hasi si ethi, na kibadilishaji cha bei rahisi kinachoiunganisha hasi na ethi kinaua amplifaya. Kwa hesabu ya pesa, mara nyingi ni afadhali kuiuza mashine hiyo na kutafuta risiva iliyotumika yenye SUB OUT.

Ile seti ya sabufa yenye spika ndogo, kama imekaa tu nyumbani, inaweza kuwa boksi la besi la muda. Chomoa spika zake ndogo, peleka SUB OUT kwenye AUX yake kwa kigawanyio cha Y ili upate pande zote mbili, kitufe cha besi kiweke juu ya katikati kidogo, na Bluetooth yake iache. Haitashuka chini kama sabufa halisi ya inchi 10, na kichujio chake hakirekebishiki, lakini kwa sebule ndogo inafanya kazi. Kuinunulia seti ya kurushia ya zaidi ya dola 100 hakuna maana.

Na kabla ya kununua seti yoyote, pima njia ya waya ukutani. Waya wa dishi, ule wa RG-6 wa omu 75, ukifungwa vichwa vya RCA pande zote mbili ni waya mzuri sana wa sabufa, unafika meta 10 hadi 15 bila kupoteza kitu kinachosikika, na fundi wa dishi anaufunga kwa dakika chache. Ukiweza kuupitisha chini ya zulia au juu ya dari, hauchelewi, hauhitaji chaja na haujali ruta ya jirani.